Okot p'Bitek: Mwandishi wa wanaorudi nyumbani

JINA la Okot p'Bitek si geni kwa wale miongoni mwetu waliosoma Uganda, Kenya au Tanzania enzi za ukimbizi. Wengi walikutana naye darasani kupitia kitabu kimoja, Song of Lawino, ambacho Mtanzania Paul Sozigwa alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino. Walikisoma, wakajibu maswali ya mtihani, wakakiweka kando. Ndugu zetu waliosomea Burundi na Zaire kwa Kifaransa huenda jina hilo hawakulisikia kabisa.

Mimi nilimsoma nikiwa kidato cha pili mkoani Kagera, Tanzania, kabla ya familia yetu kurejea Rwanda mwaka 1995. Sasa nafundisha Kiswahili hapa Kigali, na kila mwaka narudi kwake. Sababu ni kwamba sijaona mwandishi mwingine wa ukanda wetu aliyelishika swali moja maisha yake yote kama yeye: kijana akiondoka kwao kwenda kutafuta elimu au fedha, anarudi na nini? Na akisharudi, anawatazama kwa jicho gani wale aliowaacha?

Ndugu msomaji, swali hilo ni letu sisi tuliorudi tangu 1994. Ni la mchuuzi wa Gatuna, Rusumo au Gisenyi pia, ambaye kila siku huondoka akiwa na matumaini na hurudi jioni akihesabu kilichobaki mfukoni. Ndiyo maana leo napenda tuyapitie maisha ya mtu huyu, tangu alipozaliwa hadi alipofariki.

Mtoto wa mwimbaji

Okot alizaliwa Juni 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika kabila la Waacholi. Kwa lugha yao kot ni mvua, na Okot ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na Mprotestanti. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtungaji aliyejulikana, mwanamke ambaye ngoma ikilia hakubaki nyumbani.

Hivyo nyumba moja ilikuwa na shule mbili. Kwa baba kulikuwa na ubao, chaki na Biblia. Kwa mama kulikuwa na nyimbo, hadithi, mizaha na misiba ya Kiacholi. Watoto wengi wa enzi za ukoloni walilazimishwa kuchagua shule moja na kuionea haya nyingine. Okot hakuchagua. Alisoma Gulu, akaenda King's College Budo karibu na Kampala, shule ya wana wa wakubwa, na huko nako alikuwa akitunga na kuimba. Baadaye alisomea ualimu katika chuo cha serikali cha Mbarara, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaufahamu vizuri kwani ndio mji mkubwa unaokutana nao ukivuka mpaka kuelekea Kampala. Akarudi kwao Gulu kufundisha Kiingereza na dini na kuongoza kwaya.

Kijana aliyerudi mikono mitupu

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, Okot alichapisha riwaya yake ya kwanza na ya pekee, kwa lugha ya Kiacholi, iitwayo Lak Tar, yaani Meno Meupe. Jina hilo linatokana na msemo wa Waacholi wenye maana kwamba binadamu hucheka kwa sababu tu meno ni meupe, hata kama moyoni hakuna kicheko. Tafsiri ya Kiingereza aliyoiandika mwenyewe ilitoka mwaka 1989, yeye akiwa ameshafariki.

Kwa maoni yangu, riwaya hii ingestahili kusomwa na kila mtu anayefanya biashara ya mpakani. Inamhusu kijana Okeca Ladwong, ambaye baba yake amefariki na kuwaacha maskini. Okeca amempenda msichana Cecilia Laliya na msichana amekubali. Kikwazo ni mahari. Zamani ndugu wa ukoo walisaidiana kumwoza kijana wao, lakini sasa mahari imegeuka fedha taslimu, na fedha kila mtu anaificha ya kwake. Okeca anagonga milango ya ndugu zake, haifunguki. Basi anapanda basi kwenda Kampala.

Kampala anapotea, hajui lugha, na kazi haionekani. Mwisho anaangukia katika mashamba ya miwa ya Jinja, anafanya kazi, anajinyima, anaweka akiba. Hatimaye anaanza safari ya kurudi kwao, moyo ukimdunda kwa furaha. Njiani fedha zote zinaibwa. Msomaji anamwacha akitembea kwa miguu kuelekea nyumbani, mikono mitupu.

Kwa miaka hiyo, waandishi wa Afrika walikuwa ndio kwanza wanaanza kusimulia jinsi kijana anavyokua na kuwa mtu mzima. Mwaka huo huo wa 1953 Camara Laye wa Guinea alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake cha utoto, L'Enfant noir. Baada ya uhuru wakafuata wengine: Ngugi wa Thiong'o wa Kenya na Weep Not, Child mwaka 1964, na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, Tanzania, na Rosa Mistika mwaka 1971. Njoroge wa Ngugi anaamini shule itaiokoa familia, na shule inakatika. Rosa wa Kezilahabi analelewa kwa ukali na baba yake hadi anapofika shuleni na chuoni na kushindwa kujilinda. Vitabu hivi vyote vinatuonyesha kwamba ule mlango ambao nchi mpya ilimfungulia kijana, yaani shule, mji na kazi ya mshahara, ndio uliomjeruhi.

Okot aliliona hilo miaka tisa kabla ya uhuru wa Uganda. Lakini angalieni alivyomaliza. Okeca hakujiua, hakubaki Jinja kwa aibu, hakugeuka mwizi. Aliendelea kutembea. Wangapi wetu tunawajua vijana walioibiwa mtaji Kampala au Goma wakaona aibu kurudi, wakapotelea huko? Okot alikuwa akimwambia kijana wa namna hiyo kwamba nyumbani si mahali pa kwenda na zawadi tu.

Mpira ulimpeleka Ulaya

Okot alikuwa pia mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda. Mwaka 1956 timu hiyo ilifanya ziara Uingereza, wengi wa wachezaji wakicheza pekupeku, na Waingereza wakishangaa. Ziara ilipokwisha wenzake walirudi, yeye akabaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha Oxford akasoma elimu ya jamii na mila za watu, ambako alipata shahada mwaka 1963.

Huko Oxford ndiko alikopata uchungu uliomfuata hadi kaburini. Alikaa darasani akiwasikiliza wahadhiri wakiwaita watu wa kwao washenzi na watu wa kale, naye mwenyewe yupo kwenye dawati akiandika. Alipinga, hawakujali. Uchungu huo aliumimina katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu jinsi wasomi wa Ulaya walivyozieleza dini za Kiafrika. Alidai kwamba walizivika dini hizo nguo za Ulaya ili zionekane kama wanavyotaka wao, badala ya kuwauliza wenyewe wanaabudu nini na kwa nini.

Lawino na Ocol

Aliporejea Uganda, nchi ilikuwa huru tangu Oktoba 9, 1962, miezi mitatu tu baada ya Rwanda. Mwaka 1966 kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha Song of Lawino, tafsiri aliyoifanya mwenyewe kutoka Kiacholi. Kitabu cha Kiacholi, Wer pa Lawino, kilichapishwa baadaye, mwaka 1969.

Ni shairi refu, lakini lina hadithi kamili. Lawino ni mke wa kijijini, hakusoma. Mume wake Ocol amesoma hadi chuo kikuu, amerudi na vitabu, na kila kitu cha mke wake kimegeuka uchafu machoni pake: chakula chake, nywele zake, ngoma zake, mama yake. Ameleta mwanamke mwingine, Clementine, anayezungumza Kiingereza na kupaka rangi midomoni. Lawino analia, anacheka, anamdhihaki mumewe mbele ya ukoo. Anasikitika kwamba vijana wa kwao wamekwishia madarasani, vitabu vimewaponda. Anashangaa pia kuhusu siasa za uhuru: Ocol na ndugu yake wako vyama tofauti, na sasa hawaingiliani nyumba, ilhali wanasema wanapigania umoja.

Sehemu hiyo ya vyama, sisi Wanyarwanda tunaisoma tukiwa kimya. Tunajua vyama na chuki viliwafikisha wapi ndugu waliozaliwa kilima kimoja.

Shuleni tulifundishwa kwamba Lawino ni mila na Ocol ni usasa, na mwanafunzi achague upande. Nikiwa mwalimu nimeacha kufundisha hivyo. Mtu aliyekiandika kitabu hicho alikuwa na shahada ya sheria, alicheza kandanda na aliandika Kiingereza vizuri kuliko Ocol. Hakuwa adui wa shule. Lawino mwenyewe hamkatazi Ocol kusoma, wala hamtukani mzungu kwa kufuata desturi za kizungu. Anachokataa ni dharau. Kosa la Ocol halikuwa kwenda mbali na kusoma. Kosa lake ni kurudi akiwa na haya juu ya mikono iliyomlea.

Ndani ya shairi hilo kuna mfano wa mboga ya maboga. Waacholi wanapohama kiwanja, maboga hubaki yakitambaa pale palipokuwa na nyumba, na mpita njia mwenye njaa huchuma. Kuyang'oa ni ukatili usio na faida. Mfano huu niliuelewa mwaka 1995, si shuleni, bali siku baba yangu alipotupeleka kuona itongo la babu. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na mti wa umuvumu tu, ule uliopandwa kuzungushia boma, umekuwa mkubwa. Watu wengine walikuwa wakiishi hapo karibu na kulima. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 ulikuwa umeshatuelekeza sisi tulioondoka zaidi ya miaka 10 tusidai mali zilizo mikononi mwa wengine, na baba hakudai. Aliwashukuru tu wale jamaa kwa kutoukata mti, wakampa kiti, wakanywa pamoja.

Katika darasa langu

Miaka ile ya kwanza Kigali tulikuwa tumerudi na ndimi nyingi. Waliotoka Uganda waliitwa Wasaja, waliotoka Zaire Wadubai, waliotoka Burundi Wajepe, na sisi wa Tanzania tulichekwa Kinyarwanda chetu chenye Kiswahili ndani. Kila kundi lilidhani limerudi na ustaarabu kuliko jingine. Kila mmoja alikuwa Ocol kwa mwenzake.

Watoto wetu hawana majina hayo, lakini dharau imetafuta njia nyingine. Tangu mwaka 2008 serikali ilipoamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, mtoto wa Kigali anaweza kumaliza shule akijua Kiingereza kizuri. Ni jambo jema, nami nalifurahia. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi, jambo lililotupa kazi walimu kama mimi. Tatizo si lugha.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi hodari sana, ambaye mama yake alikuwa mchuuzi wa mboga pale Gisenyi. Kwa miaka mingi mama huyo alivuka ule mpaka mdogo wa kwenda Goma, beseni kichwani, nyanya na vitunguu, alfajiri akienda, jioni akirudi, na ada yote ya mtoto ilitoka kwenye beseni hilo. Siku ya wazazi ilipokaribia, kijana alimpigia simu mama yake akamwambia asije, kwamba shule imeahirisha. Haikuwa imeahirisha. Alichoogopa ni kitenge cha mama na Kiswahili chake cha Goma, ambacho wenzake wangekicheka.

Mama alikuja hivyo hivyo, kwa sababu mzazi mwingine wa Gisenyi alimweleza ukweli. Sikumkemea kijana mbele ya watu. Wiki iliyofuata nilimpa Wimbo wa Lawino akisome chote, kisha aandike kurasa 2 akieleza Ocol alimkosea nani. Aliandika kurasa 6. Hakutaja jina la mama yake hata mara moja, lakini nilielewa alichokuwa akiandika. Likizo ilipofika, nilisikia kwamba alimsindikiza mama mpakani na kumbebea beseni. Sijui kitabu kingine ambacho kingefanya hivyo bila matusi wala fimbo.

Uhamishoni

Mwaka ule ule Lawino alipotoka, Okot aliwekwa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda mjini Kampala, chenye Jumba la Taifa la Maonyesho. Alitaka wapiga ngoma wa vijijini wapande jukwaa lililokuwa limezoea michezo ya Kiingereza. Haukupita muda mrefu, maneno yake ya kuikosoa serikali akiwa safarini Zambia yakamponza. Aliondolewa kazini, na nchi yake ikawa si mahali pa kurudi.

Alikimbilia Kenya. Akiwa Kisumu alianzisha tamasha la sanaa mwaka 1968. Baada ya muda nchini Marekani, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 25, 1971, mlango wa kwao ulizidi kufungwa. Vitabu vyake vingi ni vya ugenini: Song of Ocol mwaka 1970, ambamo Ocol anajibu na kutaka kila cha kale kibomolewe, kisha Two Songs mwaka 1971, wimbo wa mfungwa na wimbo wa malaya, wale watu ambao uhuru uliwasahau. Alikusanya pia nyimbo za Kiacholi katika Horn of My Love mwaka 1974, na hadithi za kwao katika Hare and Hornbill mwaka 1978.

Hapa ndipo ninapomwona kuwa mmoja wetu. Mkimbizi hukusanya. Wazee wetu kambini walitufundisha majina ya vilima ambavyo hatukuwahi kuviona, na majina ya mababu hadi kizazi cha saba. Okot naye, akiwa mbali na Gulu, aliziweka nyimbo za mama yake kwenye karatasi zisipotee.

Kurudi

Amin alipoondolewa mwaka 1979, Okot alikuwa akifundisha Ife, Nigeria. Alirejea Uganda, akaingia Makerere, na mwaka 1982 alifanywa profesa wa uandishi wa kubuni, wa kwanza katika chuo hicho. Hakukifaidi cheo. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1982, Wanyarwanda wengi walifukuzwa kutoka makazi yao katika eneo la Mbarara, mji ule ule alikosomea ualimu, wakasukumwa mpakani na mifugo yao. Waacholi nao hawakusalimika. Vita vilipoanza kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1980, na kuendelea kwa takriban miaka 20, watu wa Gulu waliishi katika makambi ndani ya nchi yao wenyewe, na watoto walizaliwa humo bila kukijua kiwanja cha babu. Vitabu vya Okot vilikuwa vimeshawaandalia kumbukumbu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wasomaji wengi wa hapa hawalijui. Binti yake, Juliane Okot Bitek, alizaliwa uhamishoni nchini Kenya, naye ni mshairi huko Kanada. Mwaka 2016 alichapisha kitabu cha mashairi 100 kiitwacho 100 Days. Mashairi hayo yanahusu siku 100 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hapa Rwanda mwaka 1994. Mtoto wa mkimbizi wa Gulu aliyebeba msiba wetu kama wake: sijui tumwite mgeni kwa misingi gani.

Ndugu zangu mnaovuka mipaka, na ninyi mliorudi kama mimi, kitabu cha Okot kinapatikana Kampala kwa wauza vitabu, na hakina uzito mkubwa kwenye mzigo. Mkileteeni watoto wenu. Kisha, siku mtoto atakaporudi kutoka shule ya mbali na lugha mpya mdomoni, msimwulize kwanza amepata alama ngapi. Mtazameni anavyomsalimia bibi yake.